Kitabu cha Picha katika Mafundisho ya Kanisa: Historia na Wajibu Wetu

Katika makala hii fupi tunakusudia kufuatilia nafasi ya kitabu cha picha katika mafundisho ya Kanisa, tukiwa na swali moja: mtoto mwenye ulemavu wa akili, asiyeweza kukariri Katekisimu Ndogo, afundishweje?

Swali hili lina mizizi ya kale. Mnamo mwaka 600 hivi, Papa Gregori Mkuu alimwonya Serenus, Askofu wa Marseille, aliyevunja picha kanisani, akieleza kwamba asiyejua kusoma huona katika picha yale ambayo msomaji huyapata katika maandiko. Luther naye alitoa Katekisimu Ndogo mwaka 1529. Mwaka huohuo aliongeza katika kitabu chake cha sala picha 50 za habari za Biblia, hasa kwa ajili ya watoto na watu wasio na elimu. Basi katekisimu na kitabu cha picha vilitoka katika mkono mmoja. Sisi tumeshika cha kwanza, tukasahau cha pili.

Comenius, askofu wa Ndugu wa Bohemia, aliendelea mbele zaidi. Katika Orbis Sensualium Pictus, kilichochapishwa Nuremberg mwaka 1658, vitu vya pichani vilitiwa namba na kuunganishwa na majina yake. Kanuni inayotokana na kazi hiyo yawafaa sana watoto tunaowanena: kwanza kitu chenyewe, kisha picha yake, mwisho neno, tena jambo moja kwa kila ukurasa, likirudiwa bila haraka.

Tuipime kanuni hiyo Engaresero, wilayani Ngorongoro, karibu na Ziwa Natron. Mtoto wa Kimaasai azungumzaye Kimaa nyumbani hukutana na Kiswahili shuleni. Mwenye ulemavu wa akili huubeba mzigo huo mara mbili. Picha ya mji wa ng'ambo ni fumbo jipya kwake. Bali zizi la miiba, kondoo na mchungaji anavijua. Aidha, karibu na kijiji zimehifadhiwa katika majivu ya volkano nyayo za kale za wanadamu, zaidi ya 400. Mwito wa Yesu wa kumfuata waweza kuanzia hapo: nyayo zenyewe, kisha picha yake, kisha neno.

Hatuna budi kukiri kwamba kipimo cha kukariri kimewaacha baadhi ya watoto wetu nje ya Kipaimara. Mtoto akiulizwa yeye yuko wapi pichani, naye akamwonesha kwa kidole kondoo aliyebebwa mabegani mwa Mchungaji Mwema, amekiri imani yake. Nasi tuupokee ukiri huo.