Kinanda Kilichobaki Bila Mwalimu

Harmoniamu tunayoimbia bhajani haikuzaliwa India. Alexandre Debain aliisajili Paris mwaka 1842; baadaye mafundi wa Kolkata wakaifanya ndogo, ili mpigaji aketi chini, mkono mmoja ukisukuma mvukuto na mwingine ukitafuta sauti. Wazee wetu walikuja nayo Afrika Mashariki, nasi tukairithi hapa Tunduma.

Mwalimu wetu alipofariki dunia, tulikuwa tumeshika vyema bhajani nne tu. Kinanda kilibaki kimefunikwa kitambaa. Kila aliyekigusa alisikia makosa yake, wala hakuwapo wa kuyasahihisha. Baadhi yetu tulishauri kiuzwe, na leo twakiri kwamba tulikosea.

Mfano tuliupata humu humu nchini. Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, bingwa wa zeze na ilimba aliyefundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo, aliaga dunia mwaka 2003. Ilimba haikunyamaza. Mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah walitoa albamu iitwayo Maisha.

Basi tukakifunua kinanda. Kila Jumanne jioni twaketi wawili wawili: mmoja hupiga, mwenzake husikiliza kwa sikio la mwalimu, naye husema ukweli bila kuoneana haya. Bhajani nne sasa zimekuwa kumi na moja. Nanyi majirani mtusikiao tukikosea, tuvumilieni. Yeye aliyetufundisha alituvumilia zaidi.