Vichokoo vya Dhahabu
Naiti wangu, mwungwana wa vita wa Ulaya ya zamani, amesubiwa kwa bati. Nimemlainisha kwa tupa na kumgandisha kwa gundi juu ya farasi wake. Vimebaki vichokoo, vyuma vya kisigino vya kumhimiza farasi, vidogo kama punje za mtama.

Vilikuwa alama ya hadhi yake. Tarehe 11 Julai 1302, huko Kortrijk, Flanders, wafumaji na mafundi waliomwasi mfalme wa Ufaransa walisimama kwa miguu, mikuki na marungu mkononi. Vijito viliwapunguza kasi wapanda farasi, wakashindwa. Washindi wakavivua vichokoo vya dhahabu, wakavitundika kanisani.

Boksi langu halina mfumaji. Nitamchonga mwenyewe.