Kutamani si kufurahia: Siri ya uchu katika ubongo

MCHEZA kamari aliyebobea huweza kukiri kuwa mchezo huo haumpi raha tena, na bado jioni hiyohiyo akaweka dau jingine. Jamaa zake humwona mkaidi, au mwongo. Utafiti wa ubongo unaonyesha kwamba huenda anasema kweli.

Kwa muda mrefu wataalamu walichukulia kuwa kutamani kitu na kukifurahia ni jambo moja. Dhana hiyo ilipata nguvu mnamo 1954, pale James Olds na Peter Milner wa Chuo Kikuu cha McGill, mjini Montreal, Canada, walipopachika nyaya nyembamba za umeme katika bongo za panya. Panya walioachiwa wenzo wa kujipitishia umeme huo waliubonyeza bila kuchoka, baadhi yao zaidi ya mara 1,000 kwa saa. Ikadhaniwa kuwa kitovu cha raha kimepatikana. Baadaye dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe katika sehemu hizo za ubongo, ikabandikwa jina la kemikali ya raha. Jina hilo lingali linatajwa hadi leo, ingawa halistahili.

Waliolitia shaka ni Kent Berridge na Terry Robinson wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani. Mnamo 1989 walichapisha matokeo ya majaribio juu ya panya walioondolewa karibu dopamini yao yote. Panya hao hawakujishughulisha kutafuta chakula, na bila kulishwa wangekufa njaa kikiwa mbele yao. Lakini walipotiwa maji ya sukari kinywani, walilamba midomo sawasawa na panya wazima, kama afanyavyo mtoto mchanga anapoonja kitu kitamu. Raha ilikuwepo, kilichotoweka ni hamu ya kuitafuta.

Majaribio ya baadaye yalionyesha upande wa pili. Panya waliozidishiwa dopamini walikikimbilia kitu kitamu kwa kasi kubwa zaidi, ila hawakuonyesha dalili za kukifurahia zaidi. (Kiswahili, kwa hakika, kilitenganisha mambo haya zamani: hamu, uchu, shauku na tamaa ni maneno ya kutafuta, wala si ya kuonja.)

Naye Wolfram Schultz, mwanasayansi Mjerumani, alipima seli za dopamini za tumbili waliopewa juisi. Mwanzoni seli hizo zilichangamka juisi ilipoingia kinywani. Tumbili walipojifunza kuwa ishara fulani huitangulia juisi, seli zikachangamka ishara ilipotokea na kutulia juisi ilipofika. Isipofika, zilinyamaza. Mnamo 2003, Schultz na wenzake walieleza kuwa, wakati wa kungojea, baadhi ya seli hizo huchemka zaidi pale ambapo uwezekano wa kupata na kukosa ni nusu kwa nusu.

Hiyo ndiyo hali ya kamari. Nchini Kenya, ambako dau huwekwa kwa simu, ishara haiko mbali: mlio wa ujumbe au jina la timu hutosha kuamsha uchu. Kwa mujibu wa nadharia waliyotoa Robinson na Berridge mnamo 1993, katika uraibu mfumo wa kutamani huzidi kuwa mwepesi kuamka hata kama starehe imefifia. Ndiyo maana aliyeacha kwa muda mrefu anaweza kurejea kwa kuona tu alichokiacha.

Ushahidi mzito zaidi umetoka kwa wagonjwa wa Parkinson, maradhi yanayoua seli za dopamini na kuleta mtetemeko. Mnamo 2005 madaktari wa Mayo Clinic, Marekani, walieleza habari za wagonjwa 11 walioingiwa na uraibu wa kamari wakitumia dawa zinazoiga kazi ya dopamini. Kwa wengi wao uraibu ulikoma dawa zilipopunguzwa au kusitishwa. Mgonjwa anayeona mabadiliko ya aina hiyo hapaswi kuacha dawa ghafla kwani kuna hatari. Amweleze daktari wake, na familia iulizwe pia, maana aghalabu mgonjwa huona haya kusema.