Umeme wa maji ya chumvi: kutoka maabara ya udongo hadi ndani ya kompyuta

Mkulima wa mpunga wa Dakawa au Mkindo akihofia kwamba shamba limeingiliwa na chumvi, dawa ni kupima udongo. Maabara za kazi hiyo zipo Morogoro mjini, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), kilichoanzishwa mwaka 1984 chini ya milima ya Uluguru. Udongo hukaushwa, hutwangwa na kuchekechwa, kisha huchanganywa na maji yaliyokenekwa. Kifaa chenye elektrodi kikichovywa humo, namba hutokea papo hapo: umeme ukipita kwa urahisi, chumvi ni nyingi. Kwa mizani iliyowekwa Riverside, California, mwaka 1954, maji yanayokamuliwa kwenye udongo uliolowa yakifika desisimensi 4 kwa mita, udongo huo ni wa chumvi. Mpunga huanza kupoteza mavuno hata kabla, kwenye 3 hivi. Bahari ya Hindi, ambako mto Ruvu huishia baada ya kushuka kutoka Uluguru, ina takriban 50.

Kuipata namba hiyo ni rahisi. Kuieleza kumewatoa watu jasho kwa zaidi ya karne.

Mwaka 1884 Svante Arrhenius, kijana wa Sweden, aliwasilisha tasnifu iliyozaa hoja kwamba chumvi ikiyeyuka hugawanyika kuwa ayoni, za chaji chanya na za chaji hasi, na ndizo zinazobeba umeme. Wakaguzi wake walimpa daraja la chini. Mwaka 1903 alipewa Tuzo ya Nobel kwa hoja hiyohiyo. Kisha mwaka 1923 Peter Debye na Erich Hückel wakatoa hesabu ya jinsi ayoni zinavyovutana. Maji yenyewe waliyachukulia kama kitu kimoja laini kisicho na chembe, kinachopunguza mvuto wa chaji karibu mara 80. Kwa chumvi kidogo hesabu hiyo inakubali. Kwa maji ya bahari inapotoka.

Ilibidi molekuli zihesabiwe mojamoja. Mwaka 1971 Aneesur Rahman, mzaliwa wa Hyderabad, India, pamoja na Frank Stillinger, waliweka molekuli 216 za maji katika kompyuta, wakaziacha zisukumane na kuvutana kwa kanuni za Newton. Sekunde moja ukiigawa mara trilioni, wao walifuatilia vipande vichache tu. Hata hivyo maji yalijitokeza: yakitiririka, yakishikana kwa vifungo vya haidrojeni. Kwangu hiyo ndiyo siku kubwa kuliko zote katika historia hii.

Mifano ya maji ya kompyuta ikafuatana: ya Herman Berendsen kule Groningen mwaka 1981, ya William Jorgensen mwaka 1983, na ule wa José Abascal na Carlos Vega wa Madrid mwaka 2005. Huu wa Madrid hupatia uzito wa maji, barafu na mengi mengine. Lakini ukiuuliza maji hupunguza mvuto wa chaji mara ngapi, hujibu karibu 58, wakati vipimo vya maabara vinasema 78.

Ukitia chumvi mambo huwa magumu zaidi. Ayoni zikipewa chaji kamili katika mfano kama huo hung'ang'aniana, zikatembea polepole, na umeme unaopita ukawa mdogo kuliko unaopimwa. Sababu ni kwamba katika maji halisi elektroni husogea na kulegeza mvuto huo, na mifano hii haina elektroni zinazosogea. Kundi la Madrid likapunguza chaji: hadi 0.85 ya chaji kamili mwaka 2019, kisha 0.75 mwaka 2023, na mwendo ukakaribia ukweli. Ila wakati wa kuhesabu mkondo wa umeme, kila ayoni hurudishiwa chaji yake kamili. Wapo wanaoona huo ni ujanja. Mimi naona ni haki, kwa kuwa nguvu inayosukuma ayoni na chaji inayobebwa nayo ni mambo mawili.

Kwa wenye mashamba, swali zito lililobaki ni la mfinyanzi. Mwaka 2018 watafiti wa Manchester walipima maji yaliyobanwa kwenye mwanya wa nanomita moja hivi wakakuta ile 80 imeporomoka hadi 2. Udongo wa mfinyanzi umejaa mianya myembamba namna hiyo, na chumvi hupenya humo. Zana za kulitafutia swali hilo jibu zipo: programu ya GROMACS ya kuigiza mwendo wa molekuli, iliyozaliwa Groningen katika kundi la Berendsen, hutolewa bure, na molekuli 216 za Rahman leo huendeshwa na kompyuta mpakato ya mwanafunzi.