Jeli ya mwani na ugomvi ulioamuliwa tumboni mwa panya

Ukitaja miaka 40 ambayo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kiliitimiza mwaka 2024, utawataja tu panya buku wa APOPO, wanaofundishwa chini ya milima ya Uluguru kunusa mabomu na kifua kikuu. Sifa hiyo ni halali. Ila ipo historia nyingine ya panya ambayo chuo chenye madaktari wa mifugo hakina sababu ya kuiachia Ulaya na Marekani: kupima kama jeli ya mwani inaweza kuficha seli zilizopandikizwa zisishambuliwe na kinga ya mwili.

Mwaka 1980 Franklin Lim na Anthony Sun walizifunga seli za kongosho ndani ya vitone vya alginati, jeli ya mwani wa kahawia, wakavipandikiza kwa panya wenye kisukari. Sukari ilitulia wiki mbili hadi tatu. Kisha ukaja ugomvi. Mwaka 1991 watafiti wa Norway walionesha kuwa alginati yenye asidi nyingi ya manuroniki huzichokoza seli za kinga. Kundi la Ulrich Zimmermann wa Würzburg, Ujerumani, likakataa: kinachochokoza ni uchafu uliobaki kwenye mwani, si asidi. Mwaka 1997 wakaichukua alginati ya aina ileile iliyolaumiwa, wakaisafisha, wakaipandikiza kwa panya, na mwili haukushtuka. Hoja yao ndiyo nzito, kwani ukilinganisha jeli chafu na safi hujalinganisha asidi. Mwamuzi alikuwa tumbo la panya. Likifunguliwa na kuoshwa kwa maji ya chumvi, vitone vilivyokubaliwa hutoka kimoja kimoja, vikiwa angavu. Vilivyokataliwa hushikana na mafuta, vimevikwa kovu jeupe, na seli za ndani zimekosa hewa.

Wapo watakaosema panya si binadamu. Kweli, na vitone vilivyofaulu kwa panya vimewahi kukwama kwa nyani na kwa watu. Ndiyo maana mwaka 2016 watafiti wa Boston waliobadilisha kemia ya alginati hawakuishia kwa panya, wakaenda kwa nyani. Hilo linadai vipimo zaidi, si kuviacha. Pingamizi zito zaidi ni kwamba nchi ambayo wagonjwa wake wengine wa kisukari hukosa hata insulini haina haja ya jeli. Lakini kipimo hichohicho ndicho kinachohitajika kwa nyuzi za kushonea na dawa za vidonda. Tena Zanzibar imekuwa ikilima mwani mwekundu wa kuuza tangu mwaka 1989, na karajinani, jeli itokayo kwenye mwani mwekundu, maabara za dunia huidunga kwenye unyayo wa panya makusudi ili uvimbe, wapate kujaribu dawa za uvimbe. Jeli moja ya baharini inachokoza mwili, nyingine inatakiwa ijifiche humo. Kuzitofautisha kunataka panya, darubini na daktari wa mifugo, na Morogoro inavyo vyote vitatu.