Penseli Iliyoiba Mji

Kuna jamaa aliwahi kuwanyang'anya Waafrika mji mzima akitumia penseli. Sitanii.

Mwaka 1871, Mjerumani Karl Mauch alifika Great Zimbabwe, magofu ya mawe yaliyo karibu na Masvingo ya leo. Akachukua kipande cha mti kutoka mlango mmoja, akakilinganisha na penseli yake. Rangi na harufu zilifanana. Penseli ilikuwa ya mwerezi, na mwerezi hutoka Lebanoni, alikotoa mbao Mfalme Suleimani. Basi akaamua hapo ni kwa Malkia wa Sheba. Hiyo ndiyo ilikuwa risachi yake yote. Kumbe ule mti ulikuwa wa huko huko.

Sasa hebu tuangalie alichokuwa amesimama mbele yake. Kilima chenyewe kinapanda kama mita 80, na njia ya zamani inajipenyeza kati ya miamba hadi mnapita mmoja mmoja. Juu kule, kuta zimeunganishwa na majabali makubwa hadi unashindwa kujua ni wapi Mungu aliachia na mwashi akaanza. Chini bondeni kuna ukuta wa duara wa karibu mita 250, na mahali pengine unafika mita 11 kwenda juu, kama ghorofa tatu. Hakuna simiti wala chokaa. Jua la mchana na baridi ya usiku hupasua graniti ya huko kuwa vipande bapa, na mafundi wakavipanga tabaka juu ya tabaka, ukuta ukiwa mnene chini na mwembamba juu. Umesimama kwa zaidi ya miaka 600.

Waliojenga ni mababu wa Washona. Jina lenyewe, dzimba dza mabwe, ni nyumba za mawe. Sikiza vizuri: mabwe, mawe. Hao ni ndugu zetu wa Kibantu.

Tena walikuwa wanafanya biashara na pwani yetu. Dhahabu ilishuka hadi Sofala, ikapanda meli hadi Kilwa. Ndani ya magofu ilipatikana sarafu ya Kilwa yenye jina la Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa karne ya 14, pamoja na vyombo vya kauri kutoka Uchina.

Ukweli haukuchelewa kujulikana. Mwaka 1905 David Randall-MacIver alichimba akasema ni kazi ya Waafrika. Mwaka 1929 Gertrude Caton-Thompson akathibitisha. Lakini kabla yao, Richard Hall, aliyewekwa kutunza magofu, alikuwa ameshachimbua na kutupa udongo mwingi uliobeba ushahidi, ati anaondoa uchafu wa Waafrika. Baadaye serikali ya Rhodesia ikawabana wataalamu. Peter Garlake, mwanaakiolojia aliyekataa kupinda ukweli, aliishia kuondoka nchini.

Kwa nini mawe yawatishe hivyo? Kwa sababu ukishasema Mwafrika hakuwahi kujenga kitu, kumpokonya ardhi kunaonekana kama msaada. Ndiyo maana mwaka 1980 watu walipopata uhuru, waliipa nchi nzima jina la magofu hayo na kuweka ndege wake wa mawe kwenye bendera. Ndege wenyewe walikuwa wamebebwa. Cecil Rhodes alimweka mmoja nyumbani kwake Cape Town. Mwaka 1981 Afrika Kusini ilirudisha baadhi yao, lakini ikapewa mkusanyiko wa wadudu kama malipo. Yaani unalipa ndiyo urudishiwe mali yako.

Na usidhani hayo ni ya Zimbabwe tu. Kitabu cha 1954 cha James Kirkman kuhusu Gede kiliuita mji huo wa Waarabu, pale pale kwenye jalada. Waswahili wakageuzwa wageni kwao. Hadi leo tunasambaza video zinazosema viumbe wa sayari nyingine ndio walijenga Afrika, na tunacheka. Mimi sicheki. Ni uongo ule ule wa Mauch, umebadilishiwa nguo tu.

Kama Masvingo ni mbali, nenda Thimlich Ohinga, Migori. Kuta za mawe bila simiti, zilizojengwa na watu wa hapa. Mtu akikwambia zilijengwa na wageni, mwitishe ushahidi. Na usikubali penseli.