Besi ya nyuzi sita: kabla hatujatoa hela ya bumu

Leo naacha stori za hosteli na foleni ya kantini, nahamia kwenye magitaa. Ukisikia mtu anasema "besi ya nyuzi sita", usikubali haraka haraka kwamba mnaongelea kitu kimoja. Jina ni moja ila vyombo ni viwili, na kila kimoja kina ukoo wake. Ukivichanganya, utatoa hela yako halali na kuletewa kitu ambacho hukukihitaji.

Nimefuatilia haya kwa sababu kikundi chetu cha muziki hapa chuo kinachangishana. Kila mtu anamega kidogo kwenye bumu, na mpiga besi wetu anataka nyuzi sita. Yamepatikana magitaa mawili ya mtumba, moja lina bei ya chini kuliko jingine. Wengi wanasema tuchukue la bei ya chini, kwani si sita ni sita tu? Mie nasoma historia bwana, nikasema ngoja kwanza tuulize haya madude yametoka wapi.

Tuanze na nne. Miaka ya 1930 kule Seattle, Marekani, jamaa anaitwa Paul Tutmarc alishatengeneza besi ya umeme yenye freti, ila haikuenea. Iliyoenea ni ile ya Leo Fender wa California, Precision Bass, ya mwaka 1951. Fender hakubuni mpangilio wa nyuzi kutoka hewani. Alichukua ule wa besi kubwa ya mbao, ile ambayo mpigaji anasimama nayo kama anacheza nayo dansi: E, A, D, G. Urefu wa uzi, kutoka kichwani mwa shingo mpaka darajani, aliufanya inchi 34. Iwekeni akilini hiyo 34, tutairudia.

Mwaka 1956 kampuni ya Danelectro ya New Jersey, iliyosifika kwa magitaa ya bei poa, ikatoa UB-2. Hii ilikuwa na nyuzi sita, ila zilityuniwa E, A, D, G, B, E, yaani kama gitaa la kawaida, tofauti ni kwamba imeshuka oktavu moja. Mpiga gitaa yeyote angeweza kuishika na kuipiga siku hiyo hiyo. Studio za Nashville zikaipenda. Waliipiga sambamba na besi kubwa, noti kwa noti, ili ule mdundo mzito upate ncha na usikike vizuri redioni.

Fender naye hakukaa kimya. Mwaka 1961 akatoa Bass VI, mpangilio ule ule, urefu wa uzi inchi 30. Beatles waliitumia: Paul McCartney akihamia kwenye piano, John Lennon au George Harrison alishika Bass VI na kazi ikaendelea. Huo ndio ukoo wa kwanza, gitaa lililoshushwa sauti. Nyuzi zake zimebanana, na wengi wanazipiga kwa kile kidude cha kuchapia, si kwa vidole.

Ukoo wa pili ulianzia kwa mtu mmoja mbishi. Anthony Jackson alizaliwa New York mwaka 1952, na ndiye aliyepiga besi kwenye "For the Love of Money" ya The O'Jays, ya mwaka 1973. Hoja yake ilikuwa hivi: besi ni ndugu wa chini kabisa katika ukoo wa magitaa, na gitaa lina nyuzi sita, sasa kwa nini besi iwe na nne? Jibu lake ni la kihistoria tupu. Ni nne kwa sababu Fender aliiga besi kubwa, basi. Hakuna sheria ya muziki iliyosema hivyo.

Akazunguka kwa mafundi mpaka Carl Thompson akamtengenezea, katikati ya miaka ya 1970. Besi hii haikuwa gitaa lililoshushwa. Alichukua zile nne za kawaida, akaongeza B chini na C juu. Ikawa B, E, A, D, G, C. Baadaye alifanya kazi na Fodera, karakana iliyoanzishwa Brooklyn mwaka 1983, na besi zake zikafika inchi 36.

Kwa nini urefu wote huo? Uzi wa E kwenye besi unatetemeka kama mara 41 kwa sekunde. B ya chini ni kama mara 31. Ili uzi ushuke hivyo lazima uwe mnene, na ukiwa mnene kwenye shingo fupi unalegea na kupiga kelele kama kamba ya kuanikia nguo. Kwa hiyo urefu si urembo, ndio unaofanya B iwe noti badala ya mngurumo.

Miaka ya 1980 ikaongeza moto. Vinanda vya umeme, kama Yamaha DX7 ya mwaka 1983, vilishuka chini ya E bila jasho, na wapiga besi wakajikuta juu ya kinanda kwenye nyimbo zao wenyewe. B ya chini ikawa lazima kwa wengi. John Patitucci, aliyepiga na Chick Corea, akaitangaza sita dunia nzima, na Yamaha wakatoa TRB ya nyuzi sita.

Mpaka hapo mwanafunzi hana chake. Besi za mafundi kama Thompson zilichongwa kwa mkono, moja moja, kwa bei ya mtu mwenye mkataba wa studio. Bei ilishuka kwa njia mbili: mashine za kuchonga zinazoongozwa na kompyuta, na viwanda kuhama kutoka Japani kwenda Korea Kusini, kisha Indonesia na China. Ndio maana Ibanez, waliotoa mfululizo wa SR mwaka 1987, wakaweza kuja na sita kama GSR206 na SR506 ambazo mtu wa kawaida anaweza kuziwaza.

Ila tusijidanganye kwamba unafuu ulianguka toka mbinguni. Cort wa Korea Kusini, ambao wametengenezea makampuni mengi magitaa, walifunga viwanda vyao vya nyumbani mwaka 2007 na kazi ikabaki Indonesia na China. Wafanyakazi walioachishwa waligoma na kuandamana mpaka makubaliano ya mwaka 2019. Miaka kumi na mbili jamani! Bei ikishuka huku, kuna mtu imempandia kule.

Sasa turudi kwenye mchango wetu. Nilienda na futi ya fundi cherehani. La bei ya chini lilisoma inchi 30, na nyuzi zake zilityuniwa kama gitaa. Ni ukoo wa Danelectro. Si bovu, lina mlio mtamu, lakini halina B ya chini, na ukilazimisha uzi wa B pale utapata ile kamba ya nguo. Na mpiga besi wetu anaitaka hasa hiyo B, kwa sababu waimbaji wetu wakichoka tunashusha wimbo kwenye D au E bemoli, na nne inaishia E. Hivyo kura yangu nimeipa la inchi 34. Wengine bado wamenuna, lakini futi haina urafiki.

Na tusiwacheke wenye nne. Msondo, walioanza kama NUTA Jazz mwaka 1964, na Sikinde wa mwaka 1978 wamejenga dansi zima la Bongo, na nyimbo zao unazipiga zote kwenye nne. Kama unachohitaji ni B ya chini peke yake, nunua ya nyuzi tano, utaokoa hela. Sita inajilipa pale tu unapotumia na C ya juu, kwa kodi na solo. Wetu anazitumia, mpiga gitaa akikosekana mazoezini.

Kwa anayetaka kununua, mambo ni haya. Pima urefu kwanza. Piga B ukibana freti ya tano, halafu piga E wazi. Ni noti moja, na zikitofautiana sana kwa nguvu na usafi, achana nayo. Tazama shingo ukianzia darajani kama fundi anavyotazama ubao, isiwe imejipinda, maana nyuzi sita zinavuta kweli. Pima nafasi kati ya nyuzi: besi nyingi za nne zina kama milimita 19 darajani, sita za bei nafuu nyingi zina 16 au 17, na vidole vinene vitalalamika. Ivae kwa mkanda dakika kumi, uone kama kichwa kinadondoka. Tena weka akiba ya seti ya nyuzi sita, maana uzi wa B haupatikani kila duka. Mwisho angalia spika. Spika ndogo haitoi 31 hata ukiipigia magoti.

Kwa hiyo ukifika dukani usiulize "zipo ngapi?" Uliza "zinaitwaje?" Muuzaji akikutajia B mpaka C mnaongea lugha moja. Akikutajia E mpaka E, mshukuru, ujue umeonyeshwa gitaa lenye sauti nzito.

Wasalaam, na boni njema kwa wenye test wiki hii.